Fahali wa Kamsamba Alinyimwa Maji

Siku ya kwanza kwenye karakana ya sanamu za zege Tunduma sikupewa mwiko wa saruji. Fundi Mkuu, mwenye viganja vipana kama sinia, alinitupia gunia lililolowa. "Hili ndilo litakalokulisha. Mwiko hata mlevi anashika." Nilinuna. Nilikuwa na cheti cha masomo ya jioni, nikidhani nchi nzima inanisubiri.

Kazi yetu ni hivi. Unasuka mifupa ya nondo, unaivika wavu wa kuku, unakandika saruji na mchanga uliochekechwa. Ikianza kushika, kisu kikiingia kama kwenye kiazi cha kuchemsha, ndipo unachonga: manyoya ya simba, au magome kwenye chungu cha maua. Kisha unafunika magunia na kunywesha maji wiki nzima, maana zege halikauki, linakomaa. Nyie mnaofyatua vyungu kwa kalibu na kuvipaka rangi kesho yake, hapo msinipite mbio.

Fundi Mkuu alipostaafu tukaletewa Meneja, bingwa wa kupiga honi. Akatupeleka Kamsamba kwa mfugaji, Mzee Masanja. Fahali aliyeongoza mifugo yake hadi mto Momba alikuwa amekufa, naye alitaka sanamu yake isimame uani, wajukuu wamjue. Alinielekeza mkunjo wa pembe ya kushoto kama anayeeleza sura ya marehemu kaka yake. Nilichonga hadi kupe wakahamia.

Sasa joto la Kamsamba linakaanga yai ndani ya kofia. Nikaomba magunia na pipa la maji. Meneja akakataa: Tunduma tunamwagia mara moja asubuhi, huku kuna nini? Nikamweleza kwamba Tunduma kuna baridi na ukungu. Akaamuru fahali apakwe rangi jua la utosi.

Jioni shingo ilipasuka. Meneja akasema nizibe ufa, nipake tena, tuondoke.

Mzee Masanja akaupapasa. "Fundi, huyu hakuwa na kovu shingoni."

Sikupanda gari. Meneja akanifukuza kazi dirishani, honi ikilia. Nikaibomoa shingo, nikachonga upya, na familia ile ikamgawia fahali wa zege maji ya ng'ombe walio hai, wiki nzima.

Tangu hapo nilijitegemea, hadi mgongo uliponistaafisha. Hasira yangu kwa Meneja imekomaa kuliko zege lolote. Sitaki hata ipozwe.

Juzi nilipita Kamsamba. Fahali yupo, shingo nzima. Mzee Masanja, macho yameshafifia, alikuwa akimmwagia ndoo ya asubuhi. Zege lile halihitaji tena hata tone. Nikamshikia ndoo.