Saa Nane ya Ami Jecha

Ami yangu Jecha alikuwa mshona kofia na muadhini wa msikiti wetu mdogo huku Vitongoji, na kazi zote mbili alizirithi kwa baba yake. Kofia zilimlisha. Uadhini ulimpa jina, na jina ndilo alilolipenda zaidi. Nasema hivyo na mimi ni damu yake.

Mwaka wa sitini na moja usingizi ulimhama. Uchaguzi wa Januari ulikuwa umekwisha bila mshindi, ikatangazwa utarudiwa Juni, na watu waliokula sahani moja wakawa hawaitikiani salamu. Hata msikitini walianza kuchaguana pa kusimama. Upande mmoja ukamnyanyua kijana aitwaye Hija, ukasema sauti yake ni tamu kuliko ya Jecha, na Jecha mwenyewe keshazeeka. Asubuhi moja Ami akapitiwa, Hija akaadhini badala yake. Basi tokea siku hiyo Ami akawa halali kwa kuogopa kulala. Usiku anahesabu makuti ya paa, mchana anasinzia na sindano mkononi, kofia zinatoka upogo.

Angesema, angesaidiwa. Lakini kwetu Pemba mtu asiyelala usiku haambiwi mgonjwa. Anaambiwa mwanga, mchawi, usiku anatoka kwenda kuwanga na wenziwe. Ami akanyamaza, akamwambia mkewe tu, Bi Mwanabaraka, naye akamwambia aende Chake Chake kwa Noorali, Mhindi wa duka la dawa, mtu asiyekuwa na maneno.

Noorali alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akashusha chupa ya maji mazito ya rangi ya tende.

"Juu ya kila figo, Mzee Jecha, pana kitezi kidogo, kimekaa kama kofia," alisema. "Ukiwa na hofu siku nyingi, kile kinachoka. Kikichoka, mchana huna nguvu, usiku huna usingizi. Dawa hii inakilisha."

Kama ni elimu au ni maneno ya kuuzia, mimi sijui. Ami yalimwingia moja kwa moja, kwani mtu aliyeshona kofia maisha yake yote utamwambia nini kikubwa kuliko kuwa hata figo lake limevaa kofia, na kofia hiyo imechakaa? Akataka kuuliza inanywewaje. Pale pale akaingia Msellem, jirani yetu, mdomo wake haujui kufungwa, na tena ni mtu wa upande wa Hija. Ami akaitia chupa chini ya kanzu, akaaga, akatoka mbio kama aliyeiba.

Nyumbani akaigeuza ile chupa. Maandishi yalikuwa ya Kizungu, na Ami alisoma chuo cha Kurani tu, herufi za Kiarabu. Tarakimu za Kizungu alizijua, kwa sababu ndizo anazopimia vichwa. Akaona mbili, pembeni yake pamepigwa picha ya kijiko, akaona na nane. Vijiko viwili, saa nane. Akafikiri. Saa nane ya usiku haiwezi kuwa, saa hiyo yeye yu macho zamani na dawa haina tena la kumfanyia. Basi ni ya mchana, inywewe mapema iwahi kufika kwenye figo. Angerudi kumuuliza Noorali, lakini angemwona nani njiani? Haya ilimshika miguu.

Siku ya pili yake Bi Mwanabaraka alikuwa Mgogoni kwa binti yake aliyejifungua. Ami akasali adhuhuri, akarudi, akanywa vijiko viwili saa nane barabara, akajinyoosha kidogo.

Usingizi wa miezi minne ukamwangukia wote pamoja. Alasiri ikaadhiniwa na Hija, hakuisikia. Mvua ya masika ikapiga ikanyamaza, hakuisikia. Alipofumbua macho dirishani palikuwa na mwanga ule wa kijivu, si giza si nuru, na jogoo wa jirani anawika kwa kuchanganyikiwa na mawingu. Ami akajua moja tu: alfajiri, na amechelewa tena.

Alikimbia na kanzu haijakaa sawa. Hija alikuwa kwenye birika anatawadha. Ami akampita bila salamu, akasimama kizingitini, akaelekea kibla, akatia vidole masikioni, akafumba macho kama ilivyokuwa ada yake, akaadhini.

Kuadhini kwenyewe hakukuwa na kosa. Magharibi ilikuwa imeingia muda ule ule, na angeyaacha maneno yasemwayo alfajiri peke yake, hakuna ambaye angejua. Hakuyaacha. Alinyanyua sauti akawaambia watu waliotoka kondeni na matope miguuni, na wanawake wanaowasha moto wa chakula cha usiku, kwamba sala ni bora kuliko usingizi. Akayarudia mara ya pili, kama sharia inavyotaka, na ya pili aliivuta vizuri zaidi. Mtu akakohoa. Ami akadhani anakoholewa kwa kuchelewa.

Akaingia, akasimama safu ya mbele karibu na Mzee Bakar. Shehe Abrahman akasalisha. Baada ya rakaa ya pili wakakaa atahiyatu, na Ami akaimaliza yote, akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto. Kushoto hakuona uso wa Mzee Bakar. Aliona miguu. Safu nzima ilikuwa imesimama kwa rakaa ya tatu, na yeye peke yake ameketi chini.

Hapo ndipo alipojua ni saa ngapi.

Msellem hakukawia, kabla ya isha kijiji kizima kina habari ya chupa. Watoto wakambandika jina la Khairun, yaani "bora", neno la ile adhana yake. Wiki nzima Ami hakutoka, na Shehe alipokuja kumwambia kwa upole kwamba Hija atamsaidia saidia kuadhini, alijibu ndiyo huku anaangalia mkeka. Bi Mwanabaraka ndiye aliyekwenda kwa Noorali kuuliza, akarudi na jawabu. Ami akamkataza asilitaje kwa mtu. Kuitwa mzee aliyechanganyikiwa kulikuwa heri kwake kuliko kuitwa mjinga aliyeona haya kuuliza.

La ajabu ni kwamba tokea usiku ule alilala. Bila kijiko hata kimoja, alilala fofofo mpaka kuche, hana tena cha kuogopa kunyang'anywa. Na usingizi huo ndio uliomtia aibu kuliko jina la Khairun.

Uchaguzi wa Juni ulipopita, Hija alikuja kwa mlango wa uani. Macho mekundu, mashavu yameingia ndani. Alikaa akazishika kofia, akazisifu, akazirudisha.

"Mzee Jecha," alisema mwisho, "yale maji yako yangalipo? Miye silali. Toka wanipe kazi hino, silali."

Bi Mwanabaraka aliniambia alisimama mlangoni akiomba mumewe asicheke. Ami hakucheka. Aliingiza mkono chini ya kitanda akaitoa chupa, imejaa vile vile, imepungua vijiko viwili.

"Usiinywe saa nane kama miye," alisema. "Nane hii ya Kizungu. Kwetu saa mbili ya usiku. Sikuuliza, n'liona haya."

Hija akaitia chupa chini ya kanzu, akachungulia njia, akapita migombani.

Asubuhi yake Ami aliamshwa na adhana. Alilala akaisikiliza, sauti tamu kweli, mpaka ilipofika pale pa sala na usingizi. Akajifunika shuka usoni kwa haya, na chumbani hamkuwa na mtu wa kumwona.