Jino la Arsène Lililoacha Kuuma

Arsène alikuwa mtu wa kushuku, kwa kazi na kwa tabia. Miaka ishirini na sita amekagua mabomba ya kuchomelewa katika karakana moja hapa Likasi. Wachomeleaji wakimaliza, yeye hupiga picha ya mionzi, huiinua kwenye taa na kutafuta ufa ambao jicho halioni. Nyumbani kwake Kikula ni vilevile. Chérie, mkewe, akirudi na samaki kutoka sokoni, yeye huwanusa upya mmoja mmoja.

Jino lake la nyuma, chini kulia, lilipoanza kuuma mwezi wa pili, alishuku kila kitu isipokuwa peremende. Tangu aache sigara, mfuko wa ovaroli yake haukukosa peremende za minti, na alizifyonza toka asubuhi mpaka saa ya kutoka kazini. Chai ya moto ikigusa lile jino, maumivu yalikaa robo saa nzima baada ya kumeza. Akashuku mkate una mchanga. Akashuku dawa mpya ya mswaki. Jirani akamtajia mtu wa mtaa wa Panda anayeng'oa meno kwa dakika moja. Akamshuku huyo pia.

Wiki ya tatu, maumivu yakakatika ghafla.

«Unaona?» akamwambia mkewe. «Imepona yenyewe.»

«Kintu haiponake hivi, Baba Sephora,» akajibu Chérie, akimwita kwa jina la mtoto wao. «Na hii kipele iko kwa ufizi, ni ya nini?»

Kweli kulikuwa na kipele, kikitoa maji ya chumvichumvi. Alikuwa amekificha siku kadhaa. Jumamosi Chérie akavaa viatu, akasimama mlangoni mpaka mumewe naye akavaa vyake, wakaenda kwa daktari wa meno mjini.

Daktari aliitwa Providence, mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Aligonga lile jino, akalipulizia hewa ya baridi, Arsène asisikie chochote. Akapiga picha.

«Papa, mushipa ya ndani imekufa. Njo maana haiumi tena. Tutafungua jino, tutasafisha mizizi ndani, kisha tutaijaza. Utakuya mara mbili, labda tatu.»

Arsène akainuka kitini. Jino haliumi, na huyu anataka kulichimba mara tatu?

«Hiyo picha ni ya nani?»

«Ni yako, Papa.»

«Nani anasema?»

Chérie akaziba uso kwa mkono. Providence hakukasirika. Alimgeuzia skrini, akampa kioo kidogo. «Tafuta weye mwenyewe.»

Arsène akatafuta. Jino la mbele ya lile lilikuwa na kiraka cha zamani, na kwenye picha kiraka hicho kilionekana cheupe, umbo la haragwe. Akatazama kioo, akatazama picha, akarudi kwenye kioo. Ni lenyewe. Ndipo jicho lake likashuka mpaka ncha ya mzizi, likaona doa jeusi la mviringo mahali palipopaswa kuwa na mfupa.

«Hapa mufupa imekulwa,» akasema taratibu.

«Ni ugonjwa wa ndani ya jino, umeshuka. Tunaweza kung'oa. Lakini jino bado liko na nguvu, na mizizi ikisafishwa mufupa unarudiaka polepole.»

Alikubali, ila alitaka kwanza kusoma maandishi ya chupa ya ganzi. Providence akamfunika mdomo kwa kipande cha mpira, jino peke yake likitokeza, akaanza kuingiza vijisindano vyembamba vya kukwangua. Arsène alingoja maumivu, akasikia kusukumwa tu. Alihesabu kwa vidole njia za ndani ya mizizi: moja, mbili, tatu. Daktari akainama tena, akatafuta kwa muda mrefu, akapata ya nne.

«Hii njo yenye inajifichaka,» alisema.

Hapo kwa mara ya kwanza Arsène alimwangalia kama mtu anayejua kazi.

Lakini aliporudi mara ya pili, mizizi ilipokwisha kujazwa, aliposikia kwamba jino linahitaji kuvikwa kofia ngumu ya kulikinga lisivunjike, shaka ikarudi. «Kofia tena? Nilijua!» Akaondoka. Mwezi wa nane, akitafuna mahindi makavu ya kukaanga, pembe ya jino lile ikavunjika. Alirudi kichwa chini, na safari hii akauliza afanyeje ili meno mengine yasifike hapo.

«Piga mswaki asubuhi na mbele ya kulala, na dawa yenye fluori. Pitisha uzi katikati ya meno. Tundu likiwa dogo linazibwa mara moja, kwa hiyo usingoje iume. Na hizo peremende, Papa, acha kuzifyonza siku nzima.»

«Minti haisafishake kinywa?»

«Ni sukari yenye iko na harufu muzuri.»

Alibisha siku mbili, kisha akaacha. Kofia ikawekwa, na sasa anatafuna pande zote mbili. Chérie naye alipokwenda kuangaliwa, alikutwa na tundu dogo. Likazibwa asubuhi ileile, akapita sokoni kabla ya kurudi nyumbani.