Mtakatifu wa Kujazia Ukurasa

Nianze kwa kukiri, maana wengi wenu mmeshausikia mkasa huu kwa watu wengine, tena ukiwa umeongezewa chumvi: ni kweli, mimi Mlutheri wa kubatizwa na kipaimara juu, mtu ambaye sijawahi kumwomba mtakatifu hata mmoja, nilitengeneza wa kwangu, na akina mama wa kijiji cha Magamba wakamshonea bendera.

Padre Severini, tuliyesoma naye chuo kikuu, aliniomba nimsaidie kuhariri kitabu cha rejea kuhusu Ukatoliki, A mpaka Z, ambacho katekista yeyote wa huku milimani akiulizwa swali atakifungua na kupata jibu. Kazi yangu ilikuwa Kiswahili na mpangilio wa kurasa. Imani, aliniambia, nimwachie yeye. Basi tulipofika herufi M pakabaki pengo la robo ukurasa kwa sababu mwandishi mmoja alichelewesha makala yake, nami nikitaka kuona ukurasa utakaaje nikaandika chochote cha kujazia: Mtakatifu Melasina, mjane, msimamizi wa wanawake wanaopandisha mizigo mlimani (dirishani nilikuwa nawaona wakipita na matenga ya kabichi), na sikukuu yake nikaipachika siku aliyozaliwa mke wangu. Nilikusudia kumfuta kesho yake. Nikasahau.

Padre, asijue nilichokijazia pale, akachapisha nakala za rasimu, akawagawia viongozi wa jumuiya ndogondogo za waumini wazisome na kutoa maoni, kisha akasafiri mwezi mzima. Kule Magamba kulikuwa na jumuiya mpya inayotafuta mtakatifu wa kujiita kwa jina lake, na kila waliyemtaja alikuwa ameshachukuliwa na wenzao. Mwenyekiti wao, Mama Agripina, akafungua rasimu na kumkuta mtakatifu anayejua habari za tenga. Hakutafuta mwingine.

Mimi nilialikwa kwenye sherehe ya kuizindua jumuiya hiyo kama mwandaaji wa kitabu, bila kuambiwa jina lake, na Padre alikuwa amerudi jana yake tu. Tukafika, nikaiona bendera: mwanamke mwenye duara la dhahabu kichwani, na juu ya duara tenga la kabichi. Nikasoma jina: Mtakatifu Melasina. Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikatafuta kiti cha nyuma.

Baada ya misa Mama Agripina akasimama. "Kabla Padre hajaibariki bendera, ndugu mwandishi atueleze zaidi, maana kitabuni mmemfupisha sana mama wa watu."

Nikasimama (ningeweza kusingizia kuumwa tumbo, hilo sikulifikiria). Nikasema alikuwa mvumilivu. Wakatikisa vichwa kukubali. Nikaongeza kwamba hakulalamika hata siku moja.

"Alitoka nchi gani?" mzee mmoja akauliza.

"Huko kwenye milima, mzee wangu."

"Milima ipi?"

Padre, aliyekwisha kuchovya kinyunyizio kwenye maji ya baraka, akanigeukia. "Hebu, ndugu yangu, hata mimi huyu simkumbuki. Ulimtoa wapi?"

Nikayatazama yale maji. Tone moja tu likiigusa bendera, uongo wangu ungekuwa umebarikiwa, na kitabu ambacho Padre alikihangaikia kwa miaka kingekuwa kichekesho cha jimbo zima.

"Nilimtunga, Padre. Nilikuwa najazia ukurasa."

Padre akakirudisha kinyunyizio kwenye ndoo polepole. Nyuma sauti ikasema, "Kumbe Walutheri hawaombi watakatifu, wanawatunga," watu wakacheka, nami nikashukuru kwamba angalau wanacheka. Mama Agripina hakucheka.

"Mwanangu," akasema, "tangu niolewe nabeba kabichi kutoka bondeni. Nilipomsoma huyu nikasema basi, mbinguni kuna mtu anayeijua shingo yangu. Nikapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wenzangu. Leo niwaambie nini?"

Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Wewe umewahi kubeba?"

"Sijawahi, mama."

"Jumatatu asubuhi uje."

Nikaenda. Alisokota kanga yake kuwa ngata, akaniwekea kichwani nusu tenga (la wanaoanza, alisema), tukaanza kupanda. Nilipumzika mara ambazo sitazitaja, kabichi mbili zikaporomoka hadi zilikotoka, na mabinti waliokuwa wakinipita na matenga yaliyojaa walinisalimia kwa adabu zote: "Shikamoo, Mtakatifu Melasina." Nikawa naitikia marahaba, ningefanya nini.

Jumuiya ilipata mtakatifu wa kweli. Bendera wameibakiza ileile, na tenga lake. Jina tu ndilo lililobadilishwa. Kitabu nacho kimetoka, ila ile makala haikuja kamwe, na Padre alipopendekeza tuweke hata mchoro wa ua dogo mahali pale, nilimwambia hapana, pengo likae hivyohivyo. Shingo yangu ilikuwa bado haijapona.