Glasi Iliyosogezwa Pembeni

Kwa mpishi wa kantini ya kiwanda cha matofali, chakula kisicho na pilipili kilikuwa chakula cha mgonjwa. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyompikia mumewe tangu walipooana. Mume alilima mizabibu nyuma ya nyumba, zabibu nyekundu ziitwazo grenashi, na divai akaitengeneza mwenyewe. Mara moja moja alisema kwa upole, "Mama, leo pilipili punguza kidogo." Mpishi alinuna. Waume wa wenzake wanakula na kushukuru, huyu wake anachagua! Pilipili haikupungua. Mume hakubishana, alisogeza glasi yake ya divai pembeni, akala mpaka akafuta sahani.

Sasa mume yuko kaburini, na mdogo wake alitaka kuing'oa mizabibu ile. Shamba lilikuwa la ukoo, na neno la mwisho lilikuwa lake. Tusimsingizie roho mbaya. Aliona tu kwamba divai yenyewe imepauka, na majirani waliiita maji ya kuoshea zabibu. Mpishi alimwomba aje Jumapili, aionje pamoja na chakula, ndipo aamue. Mizabibu ile ndiyo kazi pekee ya mumewe iliyokuwa bado hai. Hakujua angewezaje kufungua dirisha la jikoni akaikuta imelala chini.

Shemeji akaja, jembe begani, akaliegemeza mlangoni.

"Umekuja kula au kuchimba?"

"Vyote, shemeji. Miguu yangu haitaki safari mbili."

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mpishi akaandaa nyama yake ya pilipili, ile ambayo kiwanda kizima kiliipangia foleni. Shemeji alitafuna, akanywa, akakunja uso.

"Mbona divai inachoma kama spiriti? Tunda silisikii kabisa."

Mpishi akaonja. Ni kweli. Lakini muda mfupi uliopita, alipoionja jikoni kabla ya kula, divai hiyo hiyo ilikuwa na utamu wa stroberi zilizoiva.

"Ngoja kwanza," akasema.

Katika oveni kulikuwa na kuku wa mama mkwe, aliyekuwa mgonjwa chumba cha ndani na tumbo lake halikutaka ukali: chumvi, nyanya, kitunguu saumu, basi. Mpishi akakata mapaja mawili. Chupa akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi, kama mumewe alivyokuwa akifanya huku yeye akimcheka. Walisubiri mpaka ikapoa.

Shemeji akala, akanywa. Akanywa tena, taratibu.

"Hii ni ile ile?"

"Ile ile."

"Stroberi tupu! Na nyanya wanaoana kabisa." Akaweka glasi chini. "Kaka alikuwa akiniambia grenashi haina makuu. Kuku, uyoga, kondoo wa kuoka, inapatana na wote, ila na pilipili kali hawaivi. Nikadhani anajisifu tu. Kumbe mwenzetu alikuwa akifaidi hivi kila siku."

Mpishi aliitazama glasi mezani. Aliiona tena glasi ya mumewe ikisogezwa, mkono ukirudi kwenye sahani. Miaka yote aliamini mumewe anakidharau chakula chake. Mtu huyu alikuwa na divai aliyoilea mwenyewe, na kila siku, kati ya divai na mkewe, alimchagua mkewe, wala hakusema.

Shemeji alisimama, akachukua jembe. "Hili nalirudisha stoo. Msimu wa kupogoa nitakuja na mkasi. Utanipikia huyo kuku?"

"Nitakupikia."

Kisha mpishi akavuta sahani ya nyama ya pilipili iliyokwisha kupoa. Akasogeza glasi pembeni, akala mpaka akafuta sahani, machozi yakimtiririka.

"Pilipili hiyo, shemeji," mdogo mtu akasema kutoka mlangoni.

"Si pilipili," akajibu.