Rakaa Mbili za Mwanamkuu

Ufunguo wa nyumba ya Mwanamkuu ulikaa zaidi kwenye msumari wa ukuta wangu kuliko ulivyokaa kiunoni mwake mwenyewe. Nalisema bila haya, maana mimi, Swaumu, jirani yake hapa Kanyenye, ndiye niliyefagia ua wake, nikalisha kuku wake, nikawajibu waliouliza wenyewe wako wapi.

Mumewe, Shaban, alikuwa fundi bati. Alitengeneza ndoo na koroboi, na nauli ikipatikana tu, kibanda kinafungwa. Mwaka wa uhuru walipanda treni hadi Mwanza, wakavushwa kwa mtumbwi kwenye kisiwa kisicho na mtu, wakakaa siku tatu chini ya turubai. Kiboko akaikanyaga sufuria yao ikawa sinia. Shaban akaigonga kwa jiwe mpaka ikarudi kuwa sufuria, wakasonga ugali.

Baadaye wakaenda Kigoma, kisha kwa meli hadi Bujumbura, kisha Mpulungu kule Zambia, ambako Mwanamkuu alimbishia ofisa wa forodha kwa Kinyamwezi hadi ofisa akachoka. Alipenda kusema babu yake alibeba pembe hadi Bagamoyo mara saba. Nikamwambia basi yeye karithi miguu, mzigo kaniachia mimi. Akacheka, akanipa khanga ya Bujumbura.

Msafiri huswali adhuhuri rakaa mbili badala ya nne, mradi hajanuia kukaa mahali siku nne. Hao wawili hawakunuia kamwe. Kila walikofika, walisema kesho kutwa tunaondoka.

Ikafika sabini na nne, watu wanahamishiwa vijijini. Masele, balozi wetu wa nyumba kumi, akaja kibandani, nami nikiwapo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, balozi."

"Mzee Shaban, mjini ni pa wenye kazi. Kibanda hiki nakikuta kimefungwa miezi. Kikifungwa tena, nitaandika majina yenu. Mtakwenda kijijini Usinge mkalime, na nyumba apewe mwingine."

Shaban alikuwa amevimba magoti, akakubali upesi. Mwanamkuu naye akasema, "Tumetulia, balozi." Nikamrudishia ufunguo. Nilifurahi, sitaficha. Nilikuwa nimechoka kuwa na jirani wa kusimuliwa.

Lakini kutulia kwenyewe kulinitia wazimu. Alihamisha kitanda mara tatu mwezi mmoja. Alifagia ua uliokwisha kufagiliwa. Akitumwa nyanya, anapitia stesheni kuuliza treni ya Mpanda inaondoka saa ngapi, anarudi bila nyanya. Akiketi, mguu wake mmoja unatikisika. Nilimkasirikia sana, na nilimwonea huruma pia, nikamkasirikia zaidi kwa sababu hiyo.

Jumanne moja nilimpelekea kisamvu mchana. Nilimkuta kwenye mkeka, anaswali adhuhuri. Shaban, aliyekwisha kuswali, alikuwa mlangoni akigonga bati kwa nyundo. Mwanamkuu aliswali rakaa mbili, akaketi, akatoa salamu kulia na kushoto. Nyundo ya Shaban ikanyamaza.

"Mke wangu," akasema taratibu, "umeswali ya safari."

Nikawahi kumwokoa. "Kasahau tu. Dada, simama umalizie mbili, kisha usujudu sijda ya kusahau."

Hakusimama. Aliutazama mkeka.

"Sijda hiyo ni ya aliyesahau," akasema. "Mimi sikusahau."

Nilidhani mumewe atamgombeza. Nilitamani amgombeze. Shaban aliitazama nyumba yake, kuta alizozipaka chokaa kwa mikono yake, paa aliloliezeka mwenyewe. Akayapapasa magoti. Miezi minne alikuwa akimsikia mkewe akihamisha kitanda, na hakuwa amesema neno.

"Treni ya Mpanda ni lini?" akauliza.

"Kesho," Mwanamkuu akajibu, kabla swali halijaisha.

Shaban akaitia nyundo kisandukuni. Nikamwambia wamerukwa na akili, Masele ataandika majina kesho hiyo hiyo. Shaban akasema anajua.

Mwanamkuu akaanza upya kuswali, rakaa nne kamili, kwa sababu bado alikuwa hapa. Alipomaliza akanisogelea, akaufungua ufunguo kiunoni, akaniwekea kiganjani na kukifumba, kama alivyofanya kila safari. Nililia, maana sote watatu tulijua kwamba mara hii sina nyumba ya kumtunzia.