Mchumaji wa Nyumba Isiyo na Ngazi

Kama wewe ni mtu wa kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu haya niliyaona mchana kweupe, nikiwa sijaonja hata tone la pombe ya busaa. Shemeji yangu Ouma yuko hai. Mkono wake wa kulia uko vile uko, na aliyeufanya hivyo sikusimuliwa habari zake na mtu. Huyo nilimkata kwa panga mimi mwenyewe.

Mimi ni fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Kiptere. Nilizaliwa huku huku, kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi, maana wazazi wangu walitoka Kisii kuja kuchuma. Ouma ni ndugu ya mke wangu Akinyi, na wakati huo alikuwa fundi cherehani sokoni, uzi mweusi daima umezungushwa kwenye kidole gumba, yule ambaye hata wake za mapasta walikuwa wanapanga foleni kwake. Tulikuwa na kundi la simu ambalo watu hutuma picha za majengo ya ajabu ajabu, wengine wabahatishe yako wapi. Unapewa picha na dokezo, basi, kazi kwako. Kanisa la mviringo? Nilisema Sigor kabla wengine hawajafungua picha. Duka lililojengwa kwa bodi ya basi kuukuu? Kedowa. Nilikuwa hatari, niamini. Naangalia rangi ya udongo, naangalia kivuli, naangalia hata kutu ya mabati. Lakini sheria yetu ilikuwa kwamba huhesabiwi umeshinda mpaka uende mwenyewe upigwe picha mbele ya mlango. Ouma alikuwa ananifuata kwa karibu, na mdomo wake haukuwa na breki.

Siku moja mtu ambaye hakuna aliyemjua kwenye kundi akatuma picha. Nyumba ya mawe, nyembamba, ndefu kwenda juu, haina dirisha hata moja. Mlango uko huko juu chini ya paa, na ngazi hakuna. Dokezo lilisema hivi: "Anayeingia hapandi, hupandishwa." Watu wakasema Limuru, wengine Nandi. Mimi nikatazama ile miti iliyoizunguka, nikaivuta picha karibu, nikaitazama tena. Haikuwa miti. Ilikuwa chai.

Mtu wa mbali hawezi kujua. Chai hii unayoiona imekatwa sawa kama meza, isipochumwa inakua mpaka inapita paa la nyumba. Lakini nani huku anaacha chai? Kwetu hata ile ya kando ya choo inachumwa. Kwa hiyo sikuwa na haja ya kutafuta nyumba, nilitafuta chai isiyochumwa.

Niliuliza wachumaji na wengi wakaendelea kuchuma. Mama mmoja Mkipsigis, jirani yetu anayechuma na Akinyi, ndiye aliyenijibu.

"Baba Moraa, iko shamba kule chini ya mto. Lakini huko watu hawaendangi. Hata ng'ombe ikiingia, tunaacha tu iende."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilisikia neno "iko" peke yake. Shamba lenyewe sitalitaja, na najua mtajaribu kubahatisha. Msijaribu.

Jumapili baada ya kanisa tukaondoka, mimi na Ouma, na panga langu la kufyekea njia. Akinyi aliniambia nimrudishe ndugu yake kabla ya mvua. Nilimjibu kwamba atarudi, ila atarudi ameshindwa. Tulicheka wote watatu.

Nyumba tuliikuta ilivyo kwenye picha. Ouma akasimama chini ya ule mlango, akatengeneza kola.

"Piga haraka shemeji, na usinikate kichwa. Leo ukubali tu tumeshinda wawili."

Nilikuwa nimeinua simu mvua ya mawe ilipotushukia. Wewe unaijua mvua ya mawe ya Kericho? Hata kupumua unapumua ukiwa umeinama. Ndani ya kelele ile tukaona mtu anachuma.

Alikuwa amejifunga karatasi ya plastiki kiunoni kama mchumaji yeyote, kikapu mgongoni. Alisimama chini, kwenye udongo, na mikono yake ilifika kileleni mwa ile chai. Kileleni, nakwambia! Barafu ilimpiga machoni na hakupepesa.

"Chamgei," akasema, akitujia.

Ouma ni mtu wa soko, hawezi kuacha salamu ianguke chini. Mimi naamini hakuwa ameona ile mikono, maana alikuwa amejifunika uso na koti. "Chamgei mising, mzee," akaitikia, na akampa mkono. Na nani huku angemnyima mkono anayemsalimia?

Yule mtu aliupokea, akautazama. Kisha akashika vidole viwili vya mbele pamoja na kidole gumba, akavikunja, akavivunja. Ndivyo chai inavyochumwa, majani mawili na kichipukizi, kwa mkunjo mmoja wa kifundo cha mkono. Nilisikia mifupa. Akavitupa nyuma ya bega, ndani ya kikapu, bila kuangalia, kama Akinyi anavyotupa majani.

Ouma alilia sauti ambayo bado ninaisikia. Damu yake iliruka juu ya barafu. Kabla hajaanguka, yule mtu alimkamata shingoni kwa mkono mmoja na kumwinua, juu, juu, kuelekea kwenye ule mlango. Ulikuwa umefunguka. Harufu ya majani yaliyooza ilitoka humo ikanijaa mdomoni.

Hapo woga ukanitoka, ikabaki hasira. Nilimkata gotini. Panga likarudi kana kwamba nimepiga kisiki. Nikamkata tena, nikamkata pajani, nikaruka nikamkata kwenye kiwiko cha ule mkono uliokuwa chini, na hapo panga likanasa, halitoki. Damu haikutoka hata tone. Aliniangushia kofi la nyuma ya mkono, na meno haya mawili ya mbele unayoyaona ni ya kununua. Nikiwa chini, mdomo umejaa damu, nilimwona Ouma ameshika fremu ya mlango kwa mkono wa kushoto, miguu yake tayari imeingia ndani. Aliniita jina langu, si shemeji. Nilijua akiachia tu, basi.

Nikapiga kelele. Sijui ilitoka wapi.

"Chai kwa mizani! Gari imefika! Gari imefika!"

Ndivyo makarani wa kupima chai walivyokuwa wakiita kila jioni, nami nimeisikia tangu tumboni mwa mama. Mchumaji akiisikia anaacha chochote alichoshika, kwa sababu gari halingoji mtu na chai iliyolala inakataliwa. Yule mtu alisimama. Aligeuza kichwa kuelekea barabarani. Akamwachia Ouma, naye Ouma akaanguka nje kutoka kule juu kama gunia. Kisha yule mtu akakigandamiza kikapu chake kwa kiganja, akapangusa mikono kwenye ile plastiki, akaondoka kwa haraka, haraka ya mchumaji anayeogopa kuachwa, panga langu bado limenasa mkononi mwake.

Hospitalini nilidanganya kwamba ni mashine ya kukatia nyasi. Ouma alipopata fahamu aliuliza swali moja.

"Shemeji, ile kitu ilienda wapi?"

"Kwa mizani," nikamwambia.

Akageukia ukutani akalia. Mimi pia nililia, sioni aibu kusema.

Kesho yake jioni, yule mama jirani yetu alikuwa kwenye foleni ya kupima chai, na sehemu hii ndiyo pekee niliyosimuliwa, na yeye. Kulikuwa na ukungu, na karani alikuwa amechoka, anaita watu bila kuinua kichwa. Wa mwisho akamwaga kikapu chake mezani ili majani yakaguliwe. Juu ya majani kilikuwapo kidole gumba cha fundi cherehani, na uzi mweusi bado umekizunguka. Karani alipopata sauti aliuliza namba yake ya uchumaji. Yule mtu akaanza kurudisha majani kikapuni, taratibu, na kile kidole pia.

"Hii bado," akasema. "Narudi kujaza." Akaingia tena kwenye chai, chai yetu, ile tunayochuma kila siku.

Ouma hashoni tena. Cherehani yake imefunikwa gunia sebuleni kwangu, na kila nikiitazama moyo unaniuma. Akinyi aliacha kuchuma. Kundi la simu nilitoka, na ukinitumia picha ya nyumba hata ya shangazi yako nitakwambia sijui.

Na karani wetu siku hizi haiti kwa sauti, asije akamwita yule. Gari likifika, anapandisha kitambaa chekundu juu ya mti, na wachumaji wanatoka kimya kimya, wameshikana nguo. Kwa hiyo ukipita huku kwetu jioni yenye ukungu, ukasikia sauti katikati ya chai inaita kwamba gari imefika, huyo si karani wetu. Kimbia.