Iddi anayekimbizana na roho ya mbuzi

Saa kumi na moja alfajiri, Umm Salal, kaskazini ya Doha. Iddi Swalehe amechutama nyuma ya tangi la maji, kisu mkononi, ndala kazivua. Mbele yake mbuzi wanatafuna majani ya mifugo kana kwamba wameyapanda wao.

Bunduki inalia. Mmoja anaanguka, wengine wanatimua vumbi. Iddi hakimbii. Ananyoosha mkono. Mwenye shamba anamwonyesha bunduki iko tupu, anamkabidhi kasha la risasi, na hapo ndipo Iddi anapochomoka mbio.

Mbuzi hawa hawana mwenyewe. Walitoroka mashamba yaliyoachwa, wakazaliana, wakageuka wa mwituni. Mwenye shamba, tajiri wa Iddi ambaye wafanyakazi humwita arbabu, ana kibali cha kuwapiga risasi. Ila nyama ya mnyama aliyekufa kwa risasi haiingii kinywani mwake. Lazima awahiwe angali na roho, achinjwe kwa bismillahi.

Kuwahi huko ni kazi ya Iddi, mzaliwa wa Kondoa, aliyeajiriwa mwaka 2012 kumwagilia mitende. Mshahara ni wa mitende. Mbio ni za bure.

Zamani alingoja arbabu aseme "Yalla!" Maana yake bunduki imeshushwa. Januari 2015 akaja binamu wa arbabu, mgeni wa desturi hiyo, akaomba kupiga yeye. Mbuzi akaanguka akirusha miguu. Iddi hakungoja neno.

"Niliona roho inatoka. Nikichelewa ni mzoga, na lawama yangu," anasema.

Mgeni akafyatua tena, akimlenga mbuzi wa pili. Risasi ikapita ubavuni mwa Iddi, ikachana ovaroli na ngozi. Kisha mgeni akapaza sauti: "Umemuwahi?"

Loh! Mwandishi huyu alidhani kasikia vibaya, akamwomba Iddi arudie.

"Hakuuliza kama nimeumia. Aliuliza kama nimemuwahi mbuzi," anasema Iddi. "Na la kutisha zaidi, nilimjibu. Nikasema, 'Naam, halali.' Nilikuwa nimeshachinja, kaka! Damu inanichuruzika, mkono unamalizia kazi. Mpaka leo najishangaa mimi kuliko yule."

Arbabu alimpeleka hospitali mwenyewe. Mgeni hajaalikwa tena. Iddi alipopona akatoa sharti: hakimbii mpaka risasi ziwe mfukoni mwake. Wenzake wakamwonya kwamba kesho yake angejikuta uwanja wa ndege. Arbabu alikubali bila kubisha.

Mkewe, Tatu, alifichwa jambo hilo mwaka mzima. Alipoambiwa kwa simu, aliuliza, "Baba Shani, kwani siku hiyo aliyekuwa anawindwa ni nani?"

 Tangu hapo, anasema Iddi, kila akishika kisu hulisikia swali lile.

Mkataba wake unaisha mwezi Juni na hatauongeza. Arbabu amembembeleza, amekataa. Atafungua bucha Kondoa mjini.

"Mbuzi ataletwa kafungwa kamba," anasema, akijipangusa mikono kwa mchanga. "Nitamwendea polepole, nimeshakunywa chai. Na nyuma yangu asiwepo mtu."